Habari ya Mwanya

Lugha hulipa jina jambo lile inalolijali. Jino likingʼoka huacha pengo. Aliyepotewa na meno yote huitwa kibogoyo. Jino lenye ncha lililo pembeni huitwa chonge. Na ile nafasi ndogo iliyo baina ya meno mawili ya mbele ya juu, ikiwa mtu amezaliwa nayo wala haikuletwa na maradhi au ngumi, twaiita mwanya. Pengo ni aibu, ukibogoyo ni jambo la utani, lakini mwanya ni sifa. Bibi wa pwani akitaka kumsifu mchumba wa mjukuu wake hataanza na elimu yake wala ukoo wake. Atasema kwanza kwamba binti yule akicheka ana mwanya. Wala si ajabu kwamba neno hilo hilo tunalitumia kwa maana ya nafasi na fursa, tukasema fulani kapata mwanya akapenya.

Kwa meno yaliyopandana, au yaliyotokeza nje ya mdomo, lugha haikujishughulisha kutunga jina la heshima. Twalazimika kueleza tu, kama tunavyoeleza sasa. Jambo hili tumelitafakari sana katika miaka hii ya karibuni, kwa sababu imetufikia tiba ya kunyoosha meno, na tiba hiyo haijui tofauti kati ya pengo na mwanya. Kwake yeye mtaalamu aliyesoma vitabu vya ng'ambo, nafasi baina ya meno ni kasoro, na kasoro huzibwa. Tena huzibwa kwa siri. Vijana wetu hawataki tena vile vyuma vinavyong'aa mdomoni kama kufuli ya sanduku. Wanataka kifaa ambacho mtu akiwatazama hatakiona, ili siku moja watabasamu na watu waamini kwamba ndivyo walivyoumbwa. Siri hiyo ndiyo iliyotushangaza kuliko tiba yenyewe, maana sisi tumekulia katika pwani ambayo urembo wa uso ulikuwa ni jambo la kutangazwa.

Tunasema habari za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma kushuka Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga, hata visiwa vya Kerimba na Ibo. Ukitoka Mocímboa da Praia ukaelekea magharibi, ardhi huanza kupanda mpaka uwanda wa Mueda, nchi ya Wamakonde. Katika utoto wetu wanawake wa Kimakonde walikuwa wakishuka na mihogo na mahindi kuja kutafuta chumvi na samaki wakavu, na sisi watoto tuliwafuata nyuma tukiwatazama kwa mshangao usiokuwa na adabu. Wazee miongoni mwao walikuwa na ndonya katika mdomo wa juu, na nyuso zao zilikuwa na chale zilizopangwa kwa mistari na pembe kama kazi ya mshona mikeka. Na walipocheka, meno yao ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha.

Hapa walimu wenzetu wataturuhusu tuchepuke kidogo. Chale zile za Wamakonde huitwa dinembo, na sisi katika Kiswahili tuna neno nembo, ambalo leo kila mwanafunzi hulijua kuwa ni alama ya taifa, ya chama, au ya shule yake, iliyochapwa juu ya daftari. Kamusi za zamani hazikulijua hivyo. Zililieleza kuwa ni alama ya mwilini, chale za kabila. Neno limetoka katika ngozi ya mtu likaingia katika karatasi, lakini kazi yake haikubadilika: kumwambia anayetazama kwamba huyu ni wa kwetu. Mwalimu anayefundisha darasa la tano maana ya nembo angefanya vema kuwaeleza watoto kwamba zamani mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa daftari.

Kuchonga meno ilikuwa kazi ya fundi, na chombo chake kilikuwa chuma kikali kilichogongwa taratibu mpaka pembe za jino zikatoka vipande vidogo vidogo. Maumivu yake hatuyajui ila kwa kusimuliwa, na waliotusimulia hawakutaka kuyarefusha. Mtaalamu wa Kireno Jorge Dias na mkewe Margot, waliokwenda kukaa kati ya Wamakonde mwishoni mwa miaka ya 1950, waliandika habari za urembo huo katika vitabu vilivyotoka Lisbon kuanzia mwaka 1964. Lakini anayetaka kuuona na asisome Kireno, na atazame kinyago cha mapiko, kile kinachochongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani kama kofia wakati wa ngoma. Fundi hubandika nywele za mtu wa kweli, huweka chale kwa nta, na mdomoni huchonga meno kama yalivyochongwa ya watu. Walio hai wameacha. Vinyago vimebaki navyo. Desturi hizo zilianza kulegea wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 vijana wengi hawakuchanjwa wala kuchongwa tena.

Watu wa pwani, Wamwani na Waswahili wa Palma, hawakuchonga meno. Sababu yake moja ni dini. Imo katika hadithi iliyopokewa na Abdallah bin Masud kwamba Mtume aliwalaani wanawake wanaojichanja na wale wanaojitengenezea nafasi baina ya meno kwa kutafuta uzuri, wakageuza maumbile ya Mungu. Hadithi hiyo tuliisoma madrasa tukaipita, na ni ukubwani tu ndipo tulipoitafakari vizuri. Maana yake ni kwamba hata Waarabu wa zama zile waliupenda mwanya, wakaupenda kiasi cha kusugua meno kwa tupa ili waupate! Kilichokatazwa hakikuwa mwanya aliopewa mtu na Mola wake, bali ule wa kughushi. Na wanazuoni wakaongeza kwamba atakayetengeneza meno kwa sababu ya maradhi au kasoro yenye kumdhuru, huyo hamo katika laana ile. Basi masheikh wa leo wanaoulizwa kuhusu vyuma vya meno hujibu kwa kuuliza swali jingine: Je, waondoa dhara, au watafuta uzuri? Swali ni zuri, lakini jibu lake si rahisi, kwa kuwa msichana anayefunika mdomo kila anapocheka atakuambia kwamba dhara analo.

Pwani hawakuchonga, lakini waliisoma alama ya meno kama watu wanavyosoma cheti. Kwa meno ulijulikana kuwa wewe ni mtu wa bara, na zamani za biashara ya watumwa kujulikana huko hakukuwa na heri. Ibo ilikuwa bandari ya biashara hiyo. Ngome yake ya São João Baptista ilijengwa mwaka 1791, na watu waliouzwa pale walipelekwa hasa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Huko ugenini meno yaliyochongwa yaliandikwa katika matangazo ya kutafuta watoro, kama leo tunavyoandika namba ya gari lililoibiwa. Mwaka 2003 wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba mtaa wa Prestwich, Cape Town, walifukua makaburi ya watu maskini na watumwa wa zamani, na baadhi ya mafuvu yalikuwa na meno yaliyochongwa. Hatusemi kwamba marehemu hao walitoka Mueda au Macomia. Kuchonga meno kulifanyika pande nyingi za Afrika. Lakini twajua kwamba meli za watumwa za Msumbiji zilipita pale. Moja yao, São José, iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na watu zaidi ya mia tano, ilivunjika karibu na Cape Town mwezi huo huo, wakafa zaidi ya mia mbili, na waliookolewa wakauzwa. Jina la mtu huweza kubadilishwa na bwana wake, na lugha yake huweza kusahauliwa na wajukuu. Meno yaliyochongwa hayakubadilika.

Turudi kwa walio hai. Pwani nayo ina urembo wake wa kutangaza, nao ni msiro. Ni mti ambao gogo lake husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, likatoa uji mweupe ambao wanawake wa Kimwani na wa Kimakua hujipaka usoni. Ngozi hulainika, lakini huo si mwisho wake: mwanamke aliyepaka msiro huenda nao kisimani, sokoni na hata baharini kuokota chaza, uso mweupe pe, na hakuna anayeona haya. Zamani watu waliusoma msiro kama walivyosoma kanga. Ulieleza kama mwanamke ni mwali au mumewe yuko safarini. Siku hizi hupakwa na yeyote apendaye. Wangazija nao wana msindzano wao wa namna hiyo hiyo. Kwa watu hawa dawa ya urembo ni urembo wenyewe. Hakuna anayengoja iishe kazi yake gizani ndipo ajitokeze.

Sasa linganisheni hayo na habari ya meno ya leo.

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Baina ya mzizi wake na mfupa upo utando mwembamba wa nyuzinyuzi wenye damu na fahamu, na jino huning'inia humo kama kitanda cha kamba. Likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, ule upande unaobanwa mfupa huliwa kidogo kidogo, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa, na hivyo jino husafiri ndani ya taya likiwa bado limeshikwa. Mwendo wake ni wa kobe, kama milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidishwa hakuna haraka inayopatikana. Damu hukatika katika utando, na mzizi wenyewe huweza kuliwa ukafupika. Elimu yote ya kunyoosha meno imejengwa juu ya jambo hilo moja, na mtaalamu mzuri hujulikana kwa wepesi wa mkono wake.

Edward Angle wa Marekani ndiye aliyeyagawa makosa ya mpangilio wa meno katika makundi matatu mwaka 1899, na mgawanyo wake wafundishwa mpaka leo. Waya za zama zake zilikuwa za dhahabu na madini mengineyo, zikaja za chuma kisichoshika kutu, na kwa miaka mingi hakuna aliyefikiri kuzificha. Zilikuwa ni za watoto, na mtoto hakuulizwa. Watu wazima ndio walioleta haja ya siri. Katika miaka ya 1970 Kinya Fujita wa Japani na Craven Kurz wa Marekani, kila mmoja kwake, walibuni njia ya kubandika vyuma upande wa ndani wa meno, unaoelekea ulimi. Inasemekana Fujita aliwafikiria wacheza judo na karate, ambao pigo moja la mdomo juu ya vyuma vya nje huwachana midomo. Katika miaka ya 1980 vikaja vibandiko vya kauri vyenye rangi ya jino. Na mwaka 1997 huko California ilianzishwa kampuni ya Align Technology. Mmoja wa waanzilishi wake, Zia Chishti, alikuwa amevaa vyuma ukubwani akiwa mwanafunzi. Kampuni hiyo ndiyo iliyoeneza yale maganda ya plastiki angavu yanayovikwa juu ya meno kama kofia. Mgonjwa hupewa mfululizo wa maganda, kila moja likitofautiana na lililotangulia kwa kiasi cha robo ya milimita. Hulivaa saa ishirini au ishirini na mbili kwa siku, hulivua wakati wa kula na kupiga mswaki, na kila wiki moja au mbili hubadilisha.

Kwa mambo mepesi, kama kufunga mwanya au kunyoosha meno machache yaliyopindana, maganda hayo hufanya kazi nzuri. Kwa taya zisizokutana au meno yaliyozunguka sana, vyuma vya kawaida bado ndivyo vyenye nguvu. Wala maganda hayo hayafichiki kabisa kama matangazo yanavyodai, kwani mara nyingi mtaalamu hubandika vinundu vidogo juu ya meno ili plastiki ipate pa kushika. Na yote mawili, vyuma na maganda, yana jambo moja ambalo wauzaji hulisema kwa sauti ya chini: meno hukumbuka yalikotoka. Ukishamaliza tiba huna budi kuvaa kifaa cha kuyashikilia, kwa watu wengi maisha yote, usiku angalau. Mwanya ndio wenye kumbukumbu kuliko yote. Ukiuziba ukazembea, hurudi.

Sisi walimu tungeongeza habari ya ulimi. Vyuma vya ndani humsumbua msemaji kwa majuma mengi, na hata ganda jembamba humfanya mtu atamke s kama mwenye kithembe kwa siku chache za mwanzo. Sauti zetu za th na dh, tulizozipokea pamoja na maneno kama thelathini na dhahabu, hutaka ncha ya ulimi ifike baina ya meno. F na v hutaka mdomo wa chini uguse meno ya juu. Mwanafunzi anayeonekana mvivu wa kusoma kwa sauti huenda ana kitu kinywani.

Tuna sababu ya kuandika hivi. Binti wa dada yetu ana mwanya, aliourithi kwa bibi yake, yaani mama yetu. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, yeye na mama yake walikuwa miongoni mwa wale waliokimbia wakasafiri kwa bahari hadi Pemba, naye akiwa msichana wa miaka kumi na mitano. Walikaa kwa jamaa, nyumba moja watu kumi na tisa. Akaendelea na shule, na baadaye akaingia chuo cha ualimu. Huko chuoni hapakuwa na bibi wa kumsifu mwanya wake. Walikuwapo vijana wenye simu, na katika simu zile kila anayetabasamu ana meno yaliyopangwa kama vigae. Mwenzake mmoja alimwambia kwa utani kwamba mlango wake wa mbele u wazi. Utani wa namna hiyo katika pwani yetu ni kitu kidogo, lakini aliyeambiwa alikuwa ameshaacha mlango wa kweli nyuma yake na hajui kama bado upo.

Aliyaona maganda ya plastiki katika simu, akauliza bei yake, akanyamaza. Kisha akajifunza, katika simu hiyo hiyo, njia ya bure. Alichukua kimpira cheusi kidogo cha kusukia nywele, akakivika kwenye meno yake mawili ya mbele usiku, akalala nacho. Asubuhi alikitoa akaenda darasani, na hakuna aliyejua. Baada ya siku kumi mwanya ulikuwa umepungua nusu. Aliona kazi inakwenda, akaongeza mpira wa pili. Usiku mmoja mpira mmoja ukapotea. Akadhani ameumeza, hakushughulika.

Haukumezwa. Jino ni pana penye kichwa na jembamba penye mzizi, kwa hiyo mpira uliofungwa juu yake hauna pa kutulia. Huteleza kupanda, ukaingia chini ya ufizi, na kila unapopanda hubana zaidi na kukata zile nyuzinyuzi zinazolishika jino, na mfupa ukafuata. Haujulikani kwa macho, na pichani mpira hauonekani. Matabibu wa meno wa nchi nyingi wameandika habari za watoto na vijana waliopoteza meno mawili ya mbele mazima, yasiyo na doa, kwa mpira wa namna hii. Kwa binti yetu mwanya ulizibika kabisa ndani ya miezi miwili, na watu wakamsifu. Aliwaambia kwamba umejifunga wenyewe. Kisha ufizi ukavimba ukatoa usaha, meno yakaanza kuonekana marefu kuliko jana, na akila muhogo yalitikisika.

Alitupigia simu sisi, hakumpigia mama yake. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya kila mtu nyumbani, ndipo akasema:

"Mjomba, jino likilegea ukubwani huweza kukaza?"

Tulimuuliza kimelitokea nini. Alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika.

"Nilitaka niwe kama wengine, lakini sikutaka mtu ajue."

Mtaalamu wa meno katika Cabo Delgado si mtu wa kumpata kila wilaya. Wengi wanaotibu ni mafundi sanifu wa hospitali, ambao kazi yao kubwa ni kung'oa na kuziba, nao huifanya kwa ustahimilivu mkubwa. Wa kunyoosha meno hutafutwa mbali zaidi, Nampula, ambako Chuo Kikuu cha Lúrio husomesha madaktari wa meno, au Maputo. Wenye jamaa ng'ambo ya Ruvuma huenda Mtwara na kuendelea mpaka Dar es Salaam. Tulichanga nauli, akaenda Nampula kwa basi na shangazi yake. Daktari aliyempokea alitazama picha, akaona mfupa umeliwa kuzunguka mizizi miwili bila sababu ya kuonekana, akamuuliza swali moja tu: ulifunga nini? Alifungua ufizi akatoa kimpira kile, cheusi, kizima, kama kilivyotoka katika paketi. Halafu akayafunga meno yale mawili pamoja na majirani zake kwa uzi mwembamba wa chuma uliogandishwa upande wa nyuma, ili yatulie wakati mfupa ukijitahidi kurudi.

Kwa hiyo sasa binti anayo ile waya isiyoonekana aliyokuwa akiitamani. Ukimtazama usoni huijui. Mwanya haupo, meno yamekaribiana, fizi zimepanda kidogo juu yao zikaacha pembe tatu nyeusi ndogo, na yeye hung'ata nyama kwa magego.

Mama yetu alipoambiwa hakulia wala hakukemea. Alitaka kujua mpira wenyewe uko wapi, akasikitika kusikia kwamba daktari aliutupa. Kisha alisema kwamba katika ujana wake msichana wa jirani alimwomba kundi la mafundi wa bara wamchonge meno ili awe na mwanya, baba yake akamfungia ndani siku saba. Hatukuwahi kuisikia habari hiyo katika miaka yote ya kuishi naye. Alipoulizwa kama yule msichana aliupata mwanya, alisema alipata mume, na mengine hakuyafuatia.

Tumezungumza na walimu wa vyuo kuhusu jambo hili, na wawili kati yao walituambia kwamba wameona vimpira hivyo katika midomo ya wanafunzi wao wakadhani ni mchezo. Si mchezo. Mtoto wa miaka saba hadi kumi na moja mwenye nafasi baina ya meno ya mbele asibughudhiwe, kwani mara nyingi chonge zikishuka, katika umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, nafasi hujifunga yenyewe bila fundi. Mkubwa anayetaka kuuziba mwanya, na auzibe. Hatuna amri juu ya kinywa cha mtu, na kuna wenye meno yaliyopindana kwa kiasi cha kuumiza ulimi na kuoza kwa kukosa kupigika mswaki, ambao tiba hii ni rehema kwao. Lakini ampate mtu wa kumtazama mizizi kwanza. Kadhalika lile jambo la kuwachimba watoto wachanga fizi kwa kudai kwamba homa yao yatokana na meno ya plastiki, lililoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, bado lipo katika vijiji kadhaa vya Afrika Mashariki. Kinachong'olewa pale ni chonge changa ya mtoto, na pengine huharibu na ile ya ukubwani iliyo chini yake. Hilo nalo linatakiwa kusemwa darasani kwa maneno yanayoeleweka.

Binti yetu yumo katika mazoezi ya kufundisha. Amepewa darasa la pili katika shule iliyopokea watoto wengi waliohama kutoka Mocímboa da Praia, Quissanga na Macomia, na watoto hao husema Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili katika benchi moja. Ule uzi wa nyuma ya meno humgusa ulimi, kwa hiyo th yake haijatulia. Kila jioni hukaa nje na kusoma kwa sauti, thelathini, themanini, thumni, na watoto wa nyumba ya pili humwitikia kwa kuiga, wengine kwa s na wengine kwa t. Amejifunza kucheka nao bila kuweka mkono mdomoni, ingawa si kila mara. Mama yetu amempelekea kipande cha mti wa msiro na jiwe lake kwa mtu aliyekuwa akisafiri.

Daktari amesema uzi ukae miezi sita, kisha ataufungua kutazama kama meno yamekaza. Imebaki miwili.